Kupanga anwani za barua pepe kwa makundi: folda, orodha au kategoria?

Katibu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa ajili ya wale ambao kazi yao ya kila siku ni kuwaandikia watu wengi barua pepe: makatibu wa ofisi, wahasibu, madeklaranti wa forodha, viongozi wa vyama vya ushirika na hata wanaohudumu katika ofisi za parokia. Ofisi nyingi hapa Lubumbashi zina kitabu cha anwani chenye mamia ya majina yaliyojipanga kwa alfabeti tu, na kila tangazo linapotakiwa kutoka, mtu hukaa mbele ya kompyuta akichagua jina moja moja kwa nguvu ya kumbukumbu. Programu za barua pepe kama Outlook, Thunderbird na Gmail zote zina njia ya kutuondolea kazi hiyo, na zimekuwa nayo tangu zamani. Kinachokosekana ni mpango.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Folda ni mahali kadi ya mtu (ukurasa wenye jina, anwani na simu yake) inapokaa, na kadi moja hukaa katika folda moja tu. Ukitaka ionekane katika folda ya pili itakubidi kuinakili, na tangu siku hiyo utakuwa na kadi mbili za mtu mmoja, ambapo moja itasahihishwa namba ya simu na nyingine itabaki na namba ya zamani. Orodha ya usambazaji, ambayo sisi tunaotumia programu kwa Kifaransa tunaiona katika Thunderbird kwa jina la «liste de diffusion» na katika Outlook kwa jina la «groupe de contacts», ni jina moja lililobeba anwani nyingi nyuma yake: unaliandika mahali pa mpokeaji, na programu inalifungua yenyewe. Kategoria ni alama inayowekwa juu ya kadi yenyewe, na kadi moja inaweza kupewa alama tatu au nne bila kunakiliwa. Gmail yenyewe haina folda za anwani; ina lebo tu, na lebo hiyo hufanya kazi mbili, kwa maana ni alama kwenye kadi, na pia ukiandika jina lake katika sehemu ya mpokeaji, wote waliomo huingia.

Ushauri wangu ni kwamba msingi uwe kategoria, na kategoria itungwe kwa kuangalia barua utakayotuma, si kwa kuangalia mtu ni nani. Wengi huanza na «Wateja», «Wasambazaji», «Serikali» na «Marafiki». Majina hayo yanapendeza machoni, lakini jiulize ni lini umewahi kuwaandikia wateja wako wote barua moja. Labda mwezi wa Desemba, kuwatakia heri ya mwaka mpya.

Chukueni ofisi ya transiti, yaani inayopitisha mizigo ya wateja forodhani, kwa kuwa hapa kwetu ni kazi inayojulikana na kila mtu. Habari zinazotoka humo kila wiki ni habari za njia: foleni ya malori imekuwa ndefu mpakani Kasumbalesa, meli imechelewa kushusha mzigo Dar es Salaam, kontena zinasubiri hati Durban. Mteja ambaye mzigo wake unapitia Walvis Bay hana haja na habari za Tunduma, iliyo kwenye njia ya Dar, na ukimtumia mara tatu hataifungua ya nne, ambayo pengine ndiyo inayomhusu. Kwa hiyo kategoria za ofisi hiyo zitakuwa «Njia ya Dar», «Njia ya Durban», «Njia ya Walvis Bay» na «Njia ya Lobito». Kisha «Fakture» kwa wanaopokea hati za malipo, «Deklarasi» kwa wanaoshughulikia karatasi za forodha, na «Dharura» kwa wale wachache wanaopaswa kujua usiku uleule. Mhasibu wa kampuni fulani ya madini atakuwa na alama ya «Fakture» peke yake, huku mkuu wa ugavi wa kampuni hiyohiyo akiwa na njia mbili pamoja na «Dharura». Wote wawili ni wateja, wanakaa katika jengo moja, na hakuna barua hata moja wanayopaswa kuipokea pamoja.

Jambo la pili ni kutotumia kategoria kurudia kile ambacho kadi tayari inakijua. Mji, jimbo na nchi vina sehemu zao ndani ya kadi, na programu inaweza kuwapanga watu kwa safu hizo. Ofisi zilizokuwa na alama ya «Katanga» zilijikuta mwaka 2015 na alama isiyofaa kitu, kwa sababu jimbo hilo liligawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na mtu wa Kalemie na mtu wa Kolwezi hawakuwa tena chini ya gavana mmoja. Aliyekuwa amejaza mji katika sehemu yake aliwapanga upya watu wake kwa muda mfupi. Aliyetegemea alama ilimbidi kufungua kadi moja baada ya nyingine.

Nitasema pia neno kuhusu majina yenyewe, kwa sababu kategoria haimsaidii mtu asiyepatikana. Programu hizi zilitungwa kwa watu wenye jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Sisi Wakongomani tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata nom) na prénom (jina la kwanza), na kila katibu huziweka anavyotaka: mmoja anaweka postnom katika jina la kati, mwingine anaiacha, mwingine anaandika zote tatu katika sehemu moja kwa herufi kubwa. Matokeo yake ni kwamba Ilunga mmoja anaonekana mara tatu katika kitabu, na wakina Ilunga watatu tofauti wanaonekana kama mmoja. Mimi ninaweka nom na postnom pamoja katika sehemu ya jina la ukoo, prénom katika sehemu ya jina la kwanza, kisha sehemu ya «Classer sous» inaanza na nom. Katika mji wenye wakina Ngoy, Kasongo na Mwamba wengi namna hii, postnom ndiyo inayomtenga mtu na mwenzake, kwa hiyo isiachwe hata kama mwenyewe hakuiandika chini ya barua yake.

Karibuni kwa maswali na kwa mapingamizi.

Mwana Likasi

Asante sana, mzee. Ofisini kwetu tunatumia Outlook iliyowekwa kwenye kompyuta, si ile ya kwenye intaneti. Naomba utuoneshe kwa hatua, kwa sababu nilibofya alama za rangi kwenye barua nilizopokea nikidhani ninawapanga watu, kumbe watu wenyewe walibaki vilevile.

Katibu wa Kamalondo

Ndugu Mwana Likasi, rangi zinazowekwa kwenye barua na zile zinazowekwa kwenye kadi za watu hutoka katika orodha moja kuu ya kategoria, ndiyo maana zinafanana, lakini kuiwekea barua alama hakumgusi mtumaji wake. Unapaswa kuingia upande wa anwani, ambako kuna picha ya watu wawili, uchague kadi, ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uende kwenye «Classer». Ukishikilia Ctrl huku ukibofya, unaweza kuchagua kadi nyingi na kuzipa alama kwa mara moja. Kisha badilisha mwonekano wa dirisha kutoka kadi kwenda orodha na uamuru upangaji kwa kategoria. Utaona kila alama imekuwa kichwa, na chini yake watu wake. Mwenye alama tatu ataonekana chini ya vichwa vitatu, na usiogope ukadhani amekuwa watu watatu, kwa maana kadi ni ileile moja. Unachagua wote walio chini ya kichwa unachokitaka, unabofya kitufe cha kuwaandikia barua, na barua mpya inafunguka ikiwa na anwani zao.

Kuhusu rangi zenyewe, Outlook hii ina rangi 25, na unaweza kuwa na majina mengi kuliko rangi. Lakini jicho la mtu halitenganishi rangi 25. Mimi ninazitumia rangi chache kwa zile alama ambazo kukosea kwake ni hatari, kama «Dharura», na nyingine zote ninaziacha bila rangi.

Angalia pia unapobadilisha majina. Ukibadilisha jina la kategoria ndani ya orodha kuu, kadi zote zilizokuwa nayo hufuata. Ukiifuta katika orodha kuu, kadi hubaki na jina lile bila rangi, na baadaye utajiuliza limetoka wapi.

Fundi wa Ruashi

Nimesoma yote na nakubaliana na Papa Katibu kwa sehemu kubwa, lakini kuna jambo ambalo sisi mafundi tunalikuta kila mara na ambalo linatangulia hata kategoria: kadi zenyewe zinakaa wapi?

Ofisi nyingi zina barua pepe ya kikoa chao iliyounganishwa na Outlook kwa IMAP, yaani njia ya kusomea barua zinazokaa kwenye seva, kompyuta ya mtoa huduma. IMAP hubeba barua peke yake, haibebi anwani. Kwa akaunti ya namna hiyo, Outlook huziweka kadi katika folda ambayo pembeni yake imeandikwa kwamba ni ya kompyuta hii peke yake. Watu hawasomi maandishi hayo. Wanafanya kazi ya kuweka alama kwa wiki nzima, kisha umeme unarudi kwa nguvu baada ya delestaji (mgao wa umeme), diski inaungua, na wanakuja kwangu wakisema kwamba kila kitu kiko kwenye seva. Barua ziko kwenye seva, ndiyo. Anwani na alama zake zilikuwa kwenye diski.

Anayetumia akaunti ya Microsoft 365 au Exchange hana shida hiyo, kwa sababu kadi na kategoria zake hukaa kwenye seva. Anayetumia anwani za Google naye yuko salama. Tena Google inampa siku 30 za kurudisha kitabu chote cha anwani kilivyokuwa kabla ya kuharibika. Wengine wote watoe nakala. Katika Outlook unahamisha anwani kuwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ambalo lina safu yake ya kategoria, na mtu mwenye alama kadhaa utazikuta zimetenganishwa kwa nukta-mkato. Faili hilo linafunguka kwa Excel au LibreOffice, halichukui nafasi, na unaweza kuliweka kwenye flashi na kulipeleka nyumbani.

Mama wa Transiti (Kasumbalesa)

Mzee Katibu, umeieleza kazi yetu kama mtu aliyekaa mezani kwangu. Nina swali moja. Wapokeaji wangu wa njia ya Durban ni wa lugha mbili: walio upande wa Zambia na Afrika Kusini ninawaandikia Kiingereza, na walio upande wetu ninawaandikia Kifaransa. Nikifuata mpango wako, lugha ni kategoria au si kategoria? Kwa maana tangazo ni lile lile, lakini barua ni mbili.

Katibu wa Kamalondo

Mama, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na jibu lake linategemea programu unayotumia.

Kwa kanuni niliyoisema, lugha inafaa kuwa kategoria, kwa sababu inabadilisha barua itakayotoka. Ukiwa na Outlook, unaweka «Kifaransa» au «Kiingereza» juu ya kila kadi kama alama ya pili, kisha kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya orodha ya anwani kinakubali masharti mawili kwa pamoja, yaani wenye «Njia ya Durban» ambao pia wana «Kiingereza». Wanaobaki kwenye dirisha ndio wa barua ya kwanza. Ukibadilisha lugha, unawapata wa barua ya pili.

Katika Gmail hilo haliwezekani kwa njia hiyo. Ukiandika lebo mbili katika sehemu ya mpokeaji, Gmail inajumlisha: utawapata wote wa Durban pamoja na wote wa Kiingereza, hata yule wa Dar es Salaam asiyehusika. Huko hakuna budi kutengeneza lebo iliyokwisha kuunganishwa, kama «Durban-Kiingereza» na «Durban-Kifaransa». Kwa njia nne na lugha mbili utapata lebo nane, ambazo bado zinavumilika. Lakini ukiongeza kipengele cha tatu, idadi inakushinda, na hapo ni afadhali kubadilisha programu kuliko kuendelea kuzidisha lebo.

Usisahau kuweka pia nchi katika sehemu yake ya kadi, na namba za simu ziandikwe zikianza na +243 au +260. Kadi za Kasumbalesa zenye namba isiyo na alama ya nchi ni maumivu, kwa kuwa mji una jina moja pande zote mbili za mpaka.

Mwalimu wa Katuba

Mimi si mfanyabiashara. Ninasimamia mawasiliano ya shule, na ninatumia Gmail ya bure. Nimeweka lebo kwa madarasa, kila darasa na wazazi wake, na kwa kanuni yenu nadhani niko sahihi, kwa maana barua zangu nyingi ni za darasa. Mzazi mwenye watoto wawili ana lebo mbili. Hata hivyo wazazi wawili wamenilalamikia kwamba wanapata ujumbe wa biashara kutoka kwa watu wasiowafahamu, na nadhani anwani zao zimechukuliwa katika barua zangu. Nifanye nini?

Katibu wa Kamalondo

Mwalimu, madarasa yako yako sahihi kabisa. Tatizo liko mahali unapoiandika lebo. Lebo, kundi au orodha, vyote vikishafunguka vinakuwa anwani za kawaida, na ukiviweka katika mstari wa «À» au wa «Cc», kila mzazi anaona anwani za wazazi wote. Mmoja wao akiwa na duka la simu, ameshapata soko. Weka lebo ya darasa katika mstari wa «Cci», yaani wa nakala iliyofichwa, na katika mstari wa «À» weka anwani ya shule yenyewe. Kila mzazi ataona kwamba barua imetoka shuleni na imemfikia, na hataona mwingine yeyote.

Hilo si suala la adabu peke yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, iliyotolewa kwa Sheria-Amri nambari 23/010, ambayo inahusu pia ulinzi wa data binafsi. Anwani ya mzazi pamoja na darasa la mtoto wake ni habari za mtu, na shule imekabidhiwa, haikupewa ziwe mali yake. Kwa sababu hiyohiyo ningekushauri usiweke kamwe lebo kama «Wasiolipa» au «Wenye matatizo». Siku moja utaonesha skrini yako mbele ya mkutano wa wazazi, au utampa mwenzako akaunti hiyo, na lebo zitakuwa pale pembeni zikisomeka. Madeni yana daftari lake kwa mhasibu.

Mengine mawili kwa haraka. Akaunti ya bure ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo shule kubwa igawanye tangazo lake kwa siku mbili. Na siku utakapotaka kufuta lebo ya darasa lililomaliza, Google itakuuliza kama unataka kufuta lebo na kubaki na kadi, au kufuta lebo pamoja na kadi zake. Soma vizuri kabla ya kubofya, kwa maana yule mzazi mwenye mtoto wa pili shuleni naye yumo humo.

Msafirishaji wa Kolwezi

Ninaheshimu maelezo yote, lakini naona mnalifanya jambo jepesi kuwa zito. Mimi nina makundi matatu ya Outlook, «groupes de contacts», nimeyaunda zamani na yananitosha. Ninaandika jina la kundi, barua inaondoka. Sina haja ya kubandika alama kwenye kadi za watu wote ninaofahamiana nao.

Katibu wa Kamalondo

Ndugu Msafirishaji, kama makundi ni matatu na watu wake hawabadiliki, sina la kukuambia, endelea nayo. Kategoria hazikutungwa kwa ajili ya kuwasumbua watu. Lakini kuna mambo mawili ya kuyajua.

Kundi la Outlook hubeba jina na anwani ya mtu kama zilivyokuwa siku ulipomwingiza. Mtu akihama kampuni nawe ukasahihisha kadi yake, kundi halisahihishwi papo hapo. Inakubidi ulifungue na kubofya kitufe cha kusasisha. Hapa kwetu, ambako mtu huyo mmoja anafanya kazi Kolwezi mwaka huu kwa kampuni moja ya huduma za migodi, na mwaka ujao yuko Fungurume kwa kampuni nyingine inayoshindana nayo, kundi lisilosasishwa litapeleka bei zako kwa anwani ambayo sasa inasomwa na mtu mwingine. Kategoria, kwa kuwa inakaa juu ya kadi, hufuata anwani mpya bila wewe kufanya lolote.

La pili ni kwamba kundi halijibu swali la kinyume. Ukiwa na kadi ya mtu mbele yako, ukitaka kujua anapokea habari zipi, kategoria unazisoma palepale. Kwa makundi, utafungua moja, utatafuta jina, utafunga, utafungua jingine.

Hata hivyo naongeza kitu kwa upande wako: vyote viwili vinaweza kuishi pamoja. Unaweza kupanga anwani kwa kategoria, ukachagua wote walio chini ya kichwa kimoja, ukawaingiza kwa pamoja katika kundi jipya. Kategoria inabaki kuwa daftari la kweli, na kundi linakuwa chombo cha kutumia kila siku, ambacho unakitengeneza upya kinapozeeka. Ofisi zenye barua ileile kila Jumatatu zinapata faida kwa kufanya hivyo.

Mama wa Transiti (Kasumbalesa)

Naomba kuongeza kwa Ndugu wa Kolwezi: kwetu tatizo halikuwa makundi yenyewe, lilikuwa kwamba kila mfanyakazi alikuwa na makundi yake. Likizo ya mmoja ilisimamisha habari za njia nzima. Patroni aliamua kwamba majina ya kategoria yaandikwe kwenye karatasi moja, yabandikwe ukutani, na mtu asitunge jina jipya peke yake. Tangu hapo hatuna tena «Durban», «DURBAN», «Dbn» na «Afrika Kusini» kwa watu walewale.

Fundi wa Ruashi

Mama amesema jambo kubwa. Kwa kompyuta, «Durban» yenye nafasi moja iliyosahaulika mwishoni inaweza kuwa jina jingine kabisa. Jina liwe fupi, liandikwe kwa namna moja, na lisiwe na koma wala nukta-mkato ndani yake, kwa sababu alama hizo ndizo zinazotumika kutenganisha kategoria ndani ya mafaili ya CSV na ya vCard.

Na kwa kuwa ofisi kadhaa hapa mjini zinaacha Outlook kwa sababu ya gharama ya leseni na kuhamia Thunderbird, wacha nieleze kinachopotea njiani. Kadi ya kielektroniki ya vCard ina sehemu rasmi ya kategoria. Ilikuwemo katika toleo la 3.0 la mwaka 1998 na imo katika toleo la 4.0 la mwaka 2011. Kwa hiyo si kwamba kategoria haina pa kukaa. Shida ni kwamba kila programu husoma kile inachokijua. Kitabu cha anwani cha Thunderbird kilitengenezwa upya mwaka 2022 katika toleo la 102 na sasa kinafanya kazi kwa vCard, lakini kazi yake ya kupanga watu bado inategemea vitabu na orodha za usambazaji. Unapoingiza faili la CSV la Outlook, inakuomba ulinganishe kila safu na sehemu yake, na safu ya kategoria haina sehemu ya kuipokea. Ukibofya endelea bila kufikiri, watu wako wote wanaingia wakiwa uchi, bila alama hata moja.

Ninachofanya mimi ni kulinganisha safu hiyo na mojawapo ya zile sehemu nne za ziada zilizoachwa kwa mtumiaji, ili habari isipotee hata kama haifanyi kazi mara moja. Kisha, kwa ofisi inayotaka kategoria za kweli, ninaweka programu-jalizi (nyongeza ya programu) ya CardBook, ambayo inazitambua kategoria na kuzionesha chini ya kitabu cha anwani, ubofye moja uone watu wake. Kwa ofisi isiyotaka programu-jalizi, ninalipanga faili la CSV kwa kategoria ndani ya LibreOffice na kuwatengenezea orodha za usambazaji kutoka hapo. Orodha ya Thunderbird hukaa ndani ya kitabu kimoja, kwa hiyo ni bora watu wote wawe katika kitabu kimoja, si vitabu vitano vya rangirangi. Na kabla ya kuhamisha kitabu chote, jaribuni kwa kadi chache zenye majina magumu: yenye postnom, yenye herufi za Kifaransa kama é na ç, na yenye alama zaidi ya moja. Herufi zikiharibika, faili halikuhifadhiwa kwa UTF-8, ule mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na ni afadhali kulijua hilo kwa kadi chache kuliko kwa kitabu kizima.

Mwana Likasi

Nimefuata hatua na zimekubali. Swali la mwisho kutoka kwangu: kuna anwani nyingi ambazo sikuziandika mimi. Nikianza kuandika herufi mbili katika mstari wa mpokeaji, yanatokea majina ambayo hayamo katika kadi zangu. Hayo nayo niyape kategoria?

Katibu wa Kamalondo

Hapana, ndugu yangu, kwanza uyachuje. Kila programu hukusanya kimyakimya anwani za watu uliowaandikia. Outlook ina orodha yake ya kukumbushia, ambayo huhifadhi majina hadi 1,000 na ambayo si sehemu ya kadi zako. Thunderbird ina kitabu cha «Adresses collectées». Google ina «Autres contacts». Humo ndimo zinamokaa anwani zilizoandikwa vibaya, za watu waliokwisha hama, na za yule uliyemwandikia mara moja kuulizia bei ya saruji. Katika Outlook kila jina linalojitokeza lina alama ndogo ya X pembeni ya kulifuta. Katika Thunderbird na Google unafungua sehemu hiyo, unahamisha wale unaowahitaji kwenda kwenye kitabu chenyewe, unawapa alama zao siku hiyohiyo, na waliobaki unawafuta.

Na mtu asipate kadi bila alama. Ukishindwa kumpa hata moja, maana yake hakuna barua unayotarajia kumtumia, na anaweza kubaki kwenye simu yako kama namba tu.

Msafirishaji wa Kolwezi

Mzee Katibu, nimekibofya kile kitufe cha kusasisha kwenye kundi langu la kwanza. Anwani tatu zimebadilika. Mengine mawili nitayafanya leo jioni, kisha nitarudi kuuliza kuhusu kategoria.

Katibu wa Kamalondo

Karibu wakati wowote, ndugu. Ukirudi, uje na orodha ya barua ulizotuma mwezi uliopita kwa watu zaidi ya watano. Tutazitoa kategoria zako humo humo.